Jiko la Ba

Nyinyi mnaosomea kazi ya jikoni, mimi si mtu wa kufundisha. Niliachia darasa la saba kule Burnt Forest, na kitu pekee nimewahi kuandika ni daftari za shule, zile zenye meza ya hesabu nyuma, ambamo nimekuwa nikiweka mistari mitatu minne kila siku tangu nianze kazi. Lakini Chebet, binti ya dada yangu, amejiunga na chuo cha hoteli hapa Eldoret, na wenzake wamemtuma aniulize kazi ilikuwaje. Nilimwambia ilikuwa ya kuchosha. Akasema hiyo haitoshi. Basi nimeketi hapa nyumbani Munyaka, miguu juu ya kiti kingine kwa sababu mishipa imevimba, nijaribu kusema zaidi. Mahali nitakosea, ni mimi nimekosea, si kazi.

Nilifanya kazi kwa hoteli moja ya Wahindi miaka ishirini na sita. Niliikuta ikiwa hoteli ya chai na bhajia, meza tisa, viti vya mbao, kalenda ya duka la vitambaa ukutani. Niliiacha mwaka jana ikiwa ile mnaiona mkipita, yenye taa zilizoning'inizwa na menyu ya kuandikwa kwa chaki. Wenyewe ni familia ile ile moja. Kwanza bibi, ambaye sote tulimwita Ba kwa sababu wajukuu wake walimwita hivyo. Halafu mtoto wake. Halafu mjukuu wake Nisha, ambaye alienda kusoma ng'ambo akarudi na mambo ya kuchanganya. Wanaita fyusheni. Unachukua chakula cha Wahindi na chakula chetu, unavikalisha kwa sahani moja, unangoja uone kama vitapatana.

Nitakuwa wa haki: vingi vilipatana. Managu, ile mboga yetu chungu, iliyopikwa na paneer, ile jibini yao nyeupe isiyoyeyuka, mimi mwenyewe nilikuwa nikibeba iliyobaki nipeleke nyumbani. Tulikata ugali vipande virefu kama chipsi, tukakaanga, tukanyunyizia masala, na wakimbiaji kutoka kambi za Kaptagat walikuja Jumapili mchana wakala hadi unga ukatuishia. Vingine vilikataa. Nisha alitengeneza lasi ya mursik, yaani maziwa yetu ya kibuyu yamesagwa na embe na sukari, kwenye glasi ndefu na mrija. Mzee mmoja mkulima alivuta mara moja, akaomba aletewe mpishi. Nikatoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mwenye hoteli ana wazazi. Nikasema anao, hata nyanya anaye. Akasema, "Basi wamwambie." Lasi iliondolewa kwa menyu baada ya wiki mbili, na Nisha alicheka kuliko sisi. Huyo msichana anajua kukubali akishindwa. Hiyo mkumbuke nikifika mbele, kwa sababu kuna mahali ataonekana vibaya na singependa mmwone vibaya.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni. Yeye alifundishwa na Ba mwenyewe, zamani, Ba akisimama jikoni na sari imefungwa kiunoni. Siku yangu ya kwanza Barasa alinisimamisha mbele ya karai ya mafuta akaniambia nifumbe macho. Nikadhani ananitania kama mgeni. Akatupa tone la unga wa dengu ndani, akauliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia mafuta. Akangoja, akatupa lingine. Nikasema mafuta tena. Tuliendelea hivyo asubuhi nzima, yeye akitupa, mimi nikijibu upuzi, hadi nikaanza kusikia tofauti. Mafuta ambayo hayajawa tayari yananung'unika. Yaliyo tayari yanacheka. Yaliyopita kiasi yanapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Mpaka leo nikipita mahali wanakaanga chipsi naweza kukwambia nikiwa barabarani kama zitalowa mafuta. Ni ujuzi mdogo na hakuna mtu amewahi kuniuliza juu yake.

Tulisikiliza kwa sababu hatukuruhusiwa kuonja. Hapo ndipo wengi wenu mtashangaa. Kwa Ba, chakula cha kwanza ni cha Mungu. Kulikuwa na rafu ndogo jikoni yenye picha na maua, na kila asubuhi sahani ndogo iliwekwa pale kabla ya mtu yeyote kula. Mpishi akionja kabla, yeye ndiye amekula kwanza, na chakula chote kimekuwa makombo yake. Kwa hivyo chumvi tulipima kwa shimo la kiganja, kiganja kile kile kila siku, mkono ukiwa mkavu. Wali tulijua kwa mvuke. Dengu tulifinya punje moja kati ya vidole viwili, na hiyo punje ukaitupa. Kitunguu ulisimama upande moshi unakoenda, ukanusa, ukajua dakika ya kuongeza nyanya. Kwa vitu vya kukaanga, sikio. Chebet ananiambia nyinyi mnatembea na kijiko cha kuonja mfukoni, na mwalimu akikupata huna unafukuzwa darasani. Sisemi ni vibaya. Pengine ningekuwa na hicho kijiko nisingekuwa na haya ya kuwaandikia.

Ba hakula nyama, wala samaki, wala yai. Si kwamba aliacha. Hakuwahi kuanza, na mama yake hakuwahi kuanza. Kwa hivyo Nisha alipotaka kuleta kuku na mbuzi jikoni, nyumba yao iliwaka ugomvi kwa miezi. Nisha alisema hoteli isiyo na nyama, Eldoret hii, itafungwa, na alikuwa sawa, kwa maana meza zilikuwa zinakaa tupu na tulikuwa tunaona. Ba alisema jikoni ile amepikia Mungu tangu akiwa bibi harusi, na yeye pia alikuwa sawa. Baba yake Nisha alianza kunywa chai yake ofisini, mlango umefungwa.

Waliishia kukubaliana jambo moja. Jiko la pembeni, karibu na dirisha, libaki la Ba. Liwe na sufuria zake, karai yake, miko yake, sinki yake, hata taulo zake. Vyote vilifungwa tepu ya kijani, na vya nyama tepu nyekundu. Kutoka jiko lile wangelishwa watu wa hekalu la Wahindi wasiokula nyama, na Ba mwenyewe, ambaye kila Jumapili mchana alikuja na familia nzima kwenye meza ndefu ya mbele. Upande wa nyama nao ulikuwa na wenyewe. Wafanyabiashara Wasomali waliokuja siku za wiki waliuliza tu swali moja, nani amechinja, na Nisha aliwatafutia mchinjaji waliyemjua. Kila mtu alikula kwetu kwa sababu aliamini kitu asichokiona. Mimi nilikuwa nikifikiria hilo nikiwa nimeshika mwiko, kisha oda ingeingia naacha kufikiria.

Ikaulizwa nani asimame kwa jiko la dirishani. Barasa alihitajika kwa tanduri, ile tanuri ya kuku na mikate. Ba akazungusha macho jikoni, akanionyesha kwa kidevu. "Roza takaa hapa," akasema. "Yeye iko na sikio."

Nilijivuna wiki nzima. Daftari linaonyesha, mistari ya wiki ile ni mirefu kupita kawaida.

Sasa ile Jumapili. Nakumbuka jua, lakini daftari linasema baridi, na nitaamini daftari. Ilikuwa Julai, baridi ile ya hapa kwetu inayoingia kwa viatu. Nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, hata chai ya tangawizi ilikuwa kama maji ya moto tu. Ningebaki nyumbani. Sikubaki, kwa sababu bhajia za Ba nilikaanga mimi na sikutaka mtu mwingine aonekane anaweza. Mnaona? Ukitafuta makosa yalianzia wapi, usianzie kwa mafuta.

Bhajia ni viazi tu, mnajua, vipande vyembamba vilivyochovywa kwenye unga wa dengu wenye giligilani na pilipili. Hazina pa kujificha. Mafuta yakiwa mabaya, zinasema. Saa saba mafuta kwa karai yangu yalipungua. Mafuta mapya yalikuwa stoo, na mwenye ufunguo ametumwa sokoni. Juu ya rafu kulikuwa na sufuria mbili za mafuta yaliyochujwa, za saizi moja, moja yangu na moja ya kuku. Vifuniko vilikuwa na tepu, kijani na nyekundu. Nikachukua yenye kijani nikaongeza. Nilitazama kifuniko. Sufuria yenyewe sikuitazama. Mtu alikuwa ameosha vifuniko asubuhi na kuvirudisha kinyume, na mpaka leo sijauliza ni nani, kwa sababu najua ningeuliza ili nipate mtu wa kubeba upande mmoja. Ningekuwa na pua ningejua. Ningekuwa na ruhusa ya kuonja ningejua. Nilikuwa na sikio, na mafuta yaliyokaanga kuku yanacheka sawasawa na yaliyokaanga viazi.

Sahani ikaenda. Baada ya muda weita akarudi akasema Ba anataka nyingine. Nikamuuliza kama amesikia vizuri. Ba alikuwa mtu wa kula vipande sita na kufunika sahani kwa kitambaa. Nikakaanga nyingine. Nisha mwenyewe akaja mlangoni, uso umejaa furaha, akasema, "Auntie Rose, leo umeweza. Ba anasema hajakula bhajia kama hizi tangu akiwa msichana."

Na mimi nikafurahi. Nilipangusa pua kwa mkono wa shati nikafurahi.

Barasa alikuwa akipita nyuma yangu na seti ya mishikaki ya tanduri. Akasimama. "Dada," akasema, "mbona hapa kwako kunanuka kuku?"

Nikamwambia asiniulize mambo ya kunuka. Akaweka mishikaki chini, akainama juu ya karai, kisha akafunua ile sufuria niliyomimina. Chini kabisa kulikuwa na masala nyekundu imeganda, ile tunapaka kuku usiku wa kuamkia Jumapili. Alizima gesi yangu kwa mkono wake. Nilirudi kwa skrini ya oda nikakagua moja moja tangu niongeze mafuta. Ni meza ya Ba tu iliyoagiza bhajia, na wengine wote pale mezani walikuwa watu wa kula kuku. Kwa hivyo ilikuwa mtu mmoja. Kupitia dirisha la sahani nilimwona akiokota chembe za mwisho kwa ncha ya kidole.

Niliondoka kwenda mezani kwake. Barasa akanishika mkono juu ya kiwiko. "Ukimwambia," akasema, "unampa kitu ambacho hawezi kutema. Mwache mama wa watu."

Msimwone kama mtu wa kujificha. Alimjua Ba karibu kabla mimi sijazaliwa, na alimpenda. Hata sasa sina hakika alikuwa amekosea kwa dakika ile. Lakini mguu ulikuwa wangu na niliurudisha. Nilimwaga mafuta, nikasugua karai kwa chumvi na ndimu mara tatu, nikaanza upya. Daftari la siku ile lina maneno mawili, "Baridi. Mafua." Niliogopa hata daftari.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimepona. Nilifungua mafuta mapya mbele ya macho yangu, nikakata viazi mwenyewe, nikakaanga bhajia ambazo kwa haki zilikuwa nzuri. Ba alikula kipande kimoja. Nisha akatumwa kuniuliza kama nimebadilisha unga. Nikasema hapana. Jumapili ya pili aliuliza kama nimebadilisha viazi. Nikasema ni vile vile vya Burnt Forest, vya mkulima yule yule. Jumapili ya tatu hakuuliza kitu. Nisha ndiye aliyeniambia. Ba alikuwa amewaambia mezani wasimsumbue Roza, kosa si la Roza, ni ulimi wake umeanza kufa. Mama yake alianza hivyo hivyo, ladha ikatangulia na mwenyewe akafuata. Alisema Mungu alimpa ile Jumapili moja ya kuagana na chakula, na sasa kila kitu ni karatasi.

Akaanza kuacha chakula hata nyumbani. Daktari akampima damu na presha, akasema hana ugonjwa. Lakini mtu aliyekwisha kuamua hasikii daktari. Jumapili ya nne nilimwona akishuka kwa gari, akishikwa pande zote mbili, na sari ilikuwa imemzunguka kama kitambaa kilichoviringishwa kwa mti. Alikuwa ameanza kugawa bangili zake kwa wajukuu.

Kuna uchovu wa kusimama, huo mtaujua wiki ya kwanza, unaweka miguu kwa maji ya chumvi unalala. Ule wa kukaangia mtu chakula huku unajua kwa nini anakirudisha, mimi sikupata dawa yake. Nilikuwa nimejiambia kunyamaza kwangu kunamlinda. Sasa mama mzima alikuwa anajiandaa kufa, na dawa ilikuwa mdomoni mwangu.

Nilimwambia Nisha kwanza, kwa sababu ndiye mkubwa wangu. Ilikuwa stoo, asubuhi. Alisikiliza yote, kisha akaketi juu ya gunia la unga. Alifikiria Ba kwanza, nilimwona, halafu akafikiria hoteli, na mtu aliyeandika wafanyakazi kumi na wanane ana haki ya kufikiria hoteli. "Auntie, tafadhali usimwambie," akasema. "Hii ikifika hekaluni hakuna mzee atakanyaga hapa tena. Na Ba ataniangalia mimi, si wewe. Ni mimi nilileta nyama." Akatoa wazo kwamba tumwombe daktari aseme ni dawa za presha zinaharibu ladha. Halikuwa wazo la kijinga. Nilitembea nalo siku mbili. Lakini nilimjua Ba. Angeacha kumeza dawa siku hiyo hiyo, na hapo presha ingefanya kazi yake kweli.

Nilimrudia Nisha nikamwambia nitaenda. Hakunipigia kelele. Alisema hawezi kunizuia, lakini pia hajui kama ataweza kuniacha kwa jiko lile baadaye. Nikasema nimeelewa. Barasa hakuniongelesha siku nzima. Aliniwekea tu chapati mbili kando, kama kawaida.

Nilienda Jumanne, siku yangu ya kupumzika, alasiri. Ba alikuwa barazani kwake juu ya bembea ya mbao yenye minyororo, ile Wahindi wengi wanaweka nyumbani, na trei ya mbaazi mbichi mapajani, akizimenya. Nikavua viatu. Akaniambia niketi, nikaketi kwa kigoda, magoti yakalia wote tukayasikia. Akaniuliza watoto. Nikajibu. Halafu nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninasoma oda: mafua, stoo imefungwa, kifuniko, mafuta, sahani ya kwanza, sahani ya pili. Barasa sikumtaja. Namtaja hapa kwa sababu ameniruhusu.

Ba alisimamisha bembea kwa mguu.

"Kuku?"

"Kuku, Ba."

"Sahani mbili?"

"Mbili."

Mbaazi moja ilianguka ikabiringika hadi mlangoni na hakuna aliyeiokota. Nilikuwa tayari kwa kelele, au aite watu. Badala yake akasema, kama mtu anayejaribu mlango polepole, "Basi mdomo yangu iko mzima."

"Mzima kabisa, Ba. Hauna neno."

Akafunika uso kwa ncha ya sari, na mabega yakaanza kutikisika. Mimi sikujua kama analia au anacheka, na nilikuwa naogopa kuuliza. Alipofunua, macho yalikuwa na maji. "Ilikuwa tamu, Roza," akasema. "Hiyo ndiyo mbaya."

Nilitaka kucheka na sikuthubutu. Nadhani tungecheka sote na pengine ingeishia hapo. Lakini akaniuliza nilijua lini. Ningeweza kusema nilijua juzi. Neno lilikuwa karibu. Nikasema, "Siku ile ile, Ba. Ulikuwa hujamaliza sahani ya pili."

Hapo uso ulijifunga. Alihesabu kwa vidole, akigusa kila kimoja kwa kidole gumba, kama wanavyohesabu wao. "Jumapili nne mimi nangoja kufa," akasema. "Na wewe najua. Na wewe nakaanga tu."

"Ndiyo, Ba."

"Maneno ya kuku, mimi tasema na Mungu yangu. Hiyo ni mafuta, ni kifuniko, ni mafua. Yeye taelewa." Akaanza tena kumenya mbaazi. "Hii Jumapili nne, mimi hapana jua tasema nini."

Nikavaa viatu nikaondoka. Kesho yake Nisha aliniambia kwamba jioni ile Ba alikula bakuli mbili za wali wa ndengu na samli, akaitisha bangili zake zirudishwe, na mjukuu mmoja mdogo alilia kwa sababu alikuwa amezizoea. Hiyo ya bangili niliiandika kwa daftari nikapiga mstari chini.

Jumapili Nisha alikuwa ameniweka kwa meza ya kukata mboga. Alikuwa na haki, na aliniambia asubuhi kwa heshima, si mbele ya watu. Nilikuwa nakata kitunguu Ba alipoingia jikoni na fimbo yake. Alikuwa hajaingia pale tangu nyama iingie. Aliyekuwa anaosha vyombo akafunga maji. Ba akalitazama jiko la dirishani, akamtazama kijana mgeni aliyesimama pale, akauliza Roza iko wapi. Nisha akamweleza kwa lugha yao. Ba akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie.

"Roza takaa hapa hapa. Watu ya hekalu nakula mkono yake, mimi tasema kwao. Yeye nachelewa. Lakini nasema."

Akageuka akaenda mezani. Nikarudi kwa jiko langu, nikafungua mafuta mapya, nikakaanga, nikatuma sahani. Sahani ikarudi nzima. Hakuna kipande kilichoguswa. Weita akasema Ba amesema asante. Nilichungulia: alikuwa ametoa papai kwa mkoba, na kisu chake mwenyewe, na alikuwa anamenya.

Ilikuwa hivyo miaka mitatu. Kila Jumapili nilituma sahani, kila Jumapili ikarudi na asante, na Ba akala tunda alilomenya mwenyewe. Watu wa hekalu walijaa kwa sababu alikuwa amewaambia jiko ni safi. Alinisalimu kwa jina, aliuliza watoto mmoja mmoja, mpaka yule aliyeenda Kitale. Lakini hakula mkono wangu. Barasa aliniambia niache kutuma, najiumiza. Nikasema kuacha kutuma ni kumwamulia tena, na mimi nilikuwa nimemwamulia vya kutosha. Mnaona sasa kwa nini nawaandikia hii na si ile ya lasi? Mtakosea. Kifuniko kitabadilika, utakuwa na mafua. Ukijua, enda meza ile akiwa bado anatafuna. Kesho yake si kosa lile lile tena. Na usiende ukingoja kusamehewa. Mimi sijui kama nilisamehewa. Nimelisoma daftari mbele na nyuma na halisemi.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Jumapili. Nisha alitaka keki nikakataa. Nilikaanga sahani ya Ba, na badala ya kumpa weita nikavua aproni nikaipeleka mwenyewe. Ba alikuwa ameanza kumenya. Akaitazama sahani, akachukua bhajia moja, akaivunja katikati, akatazama ndani kama alivyokuwa akimfanyia Barasa zamani. "Naiva vizuri," akasema. Akairudisha.

Kisha akamwambia mjukuu wake mmoja asogee, akasukuma sahani upande ule wa meza, akanionyesha kiti. Miaka ishirini na sita sikuwa nimeketi kwa kiti cha hoteli ile mchana wa Jumapili. Miguu ilikuwa imechoka. Nikaketi. Nikazila zote, moja moja, na Ba kando yangu akila papai lake.